Mjadala: Mgonjwa wa saratani akiacha wali na ugali, uvimbe utakufa njaa?

Mleta mada:
Wakuu, kuna sauti inazunguka WhatsApp. Msemaji anadai saratani inakula sukari, hivyo mgonjwa aache sukari, wali, ugali, hata matunda, na uvimbe utakufa njaa. Habari za jeni, anasema, ni biashara ya wauza dawa. Watu wanaifuata, ndiyo maana naleta hoja hapa.

Msimamo wangu: anaanza na ukweli, anaishia kwenye ushauri unaoweza kuua.

Ukweli wenyewe ni wa zamani. Miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg aliona kwamba seli za saratani hufyonza glukosi (sukari ya kwenye damu) kwa wingi na kuigeuza asidi ya laktiki hata oksijeni ikiwa tele. Kipimo cha picha kiitwacho PET kinatumia tabia hiyo: mgonjwa huchomwa glukosi yenye mionzi, na penye uvimbe mara nyingi panang'aa kwenye picha. Warburg aliamini chanzo cha saratani ni upumuaji wa seli kuharibika. Msemaji wetu amebaki hapo hapo.

Kuona jeni inavyohusika, chukueni limfoma ya Burkitt (saratani ya seli za kinga), ile inayovimbisha taya za watoto, ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Jeni inayoitwa MYC hung'oka kwenye kromosomu ya 8 na mara nyingi huhamia ya 14, jirani na jeni za kutengeneza kingamwili. Katika aina hiyo ya seli, eneo hilo liko kazini muda wote, kwa hiyo MYC nayo haizimiki. Na MYC ndiyo inayoiamuru seli kuongeza milango ya glukosi, kutumia glutamini (kijenzi cha protini) na kutengeneza malighafi ya DNA mpya. Ulaji ule umeamriwa na jeni. Mnyime mtoto ugali, amri inabaki palepale. Ini lake litatengeneza glukosi kutokana na protini ya misuli yake, naye tayari amekonda.

Mchangiaji wa pili:
Mkuu, umeelekea upande mmoja mno. Umetaboli, yaani jinsi seli inavyotumia chakula, nao hugeuka ukaishika jeni. Jeni ya IDH1 ikiharibika, kama inavyotokea kwenye baadhi ya uvimbe wa ubongo na leukemia (saratani ya damu), kimeng'enya chake huanza kutoa kemikali inayozuia kufutwa kwa alama za kemikali zilizobandikwa juu ya DNA, zinazoongoza jeni ipi iwake. Seli inashindwa kukomaa. Dawa ya kuziba kimeng'enya hicho, ivosidenib, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018. Halafu kuna insulini: mwaka huohuo ulitoka utafiti wa panya ulioonyesha kwamba dawa za saratani za kuzuia PI3K (kimeng'enya kinachopitisha ujumbe wa insulini ndani ya seli) hupandisha insulini, na insulini huufufua uvimbe. Panya walipopewa lishe yenye wanga kidogo sana, dawa ilifanya kazi vizuri zaidi. Lishe si porojo.

Mleta mada:
Hoja ya IDH1 naipokea yote. Ila utafiti huo wa panya usomwe mpaka mwisho: lishe hiyo peke yake, bila dawa, iliharakisha leukemia kwenye panya wenye ugonjwa huo. Msemaji wa WhatsApp anawaambia watu waache dawa!

Mchangiaji wa tatu:
Kaka zangu, mimi namuuguza mama. Ndugu walikataza uji wake wa ulezi, wakakataza ndizi, akabaki na mchicha na maji ya ndimu. Uzito ukashuka mpaka tibakemikali ikaahirishwa. Sasa mnaponiambia "lishe si porojo", nikamwambie nani nini?

Mchangiaji wa pili:
Pole sana dada. Arudishiwe uji leo. Nilichosema kinahusu dawa maalumu chini ya daktari, si mama aliyekonda. Kama ana kisukari pia, hilo lipangwe na daktari wake na mtu wa lishe.

Mleta mada:
Dada, ongeza karanga, maziwa na mayai kama anayaweza. Na kwa wote: kuinyima saratani chakula kunawezekana, ila kwa kulenga. Seli nyingi za leukemia ya watoto ya limfoblasti hushindwa kujitengenezea asparajini (kijenzi kingine cha protini) ya kutosha; dawa ya asparaginase huiondoa kwenye damu, zikafa, huku seli nyingi nzima zikijitengenezea yao. Methotrexate, inayotumika pia kwa Burkitt, huzuia seli kutumia folati (aina ya vitamini B) kutengeneza DNA. Mtoto anayetibiwa hivyo anahitaji kula. Anayetetea kuacha vyakula vya wanga atuonyeshe ushahidi kwa wagonjwa wenyewe, aina gani ya saratani, na uzito wao ulikuwaje.