Firigisi: kuchemsha taratibu, presha, au kukaanga moja kwa moja? Na maini mnayafanyaje?

Mgeni_Jikoni
Wakuu, salaam. Kila nikinunua kuku mzima nakuta ndani kimfuko chenye shingo, firigisi, moyo na ini. Zamani nilikuwa namtupia paka, sina haja ya kuficha. Siku hizi navikusanya kwenye friza mpaka vinafika nusu kilo hivi, ndipo napika.

Jana nimevitia vyote sufuria moja, nikaunga na vitunguu na nyanya, nikaacha dakika 40. Firigisi zilikuwa mpira mtupu. Maini yamekuwa ungaunga, tena machungu. Mchuzi rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Mioyo tu ndiyo iliyolika.

Nimeshauriwa njia tatu: (a) kuchemsha taratibu hadi zilainike kisha kukaanga, (b) sufuria ya presha, (c) kukata nyembamba na kukaanga moja kwa moja kwenye moto mkali. Mliojaribu zote, ipi ina nafuu? Gesi nayo naihesabu. Nawasilisha.

Mzee wa Supu
Kijana, kosa lako ni kuvipa vyote muda mmoja. Vimetoka kwa kuku mmoja lakini havina undugu wowote jikoni.

Kuku hana meno. Anameza changarawe, na firigisi ndiyo inayozitumia kusaga punje, mchana kutwa, maisha yake yote. Msuli wa kazi namna hiyo umejaa kolajeni, zile nyuzi ngumu, na kolajeni hailegei mpaka ipate majimaji na moto kwa muda mrefu. Hapo ndipo inageuka ule ute unaofanya supu igande ikipoa. Dakika 40 umeziachia njiani: zimeshakaza, hazijafika kulainika. Ini lina nyuzi hizo chache sana. Dakika chache limeiva, zikizidi limekauka.

Mimi ni wa (a), na sijahama. Firigisi na shingo, maji yazifunike tu, kitunguu kizima, tangawizi, pilipili manga, chumvi kidogo. Saa moja na nusu, maji yachemke kwa mbali, yasitokote. Ukichoma kwa uma ukapita bila kubishana, toa, kausha, kaanga mpaka kingo zishike rangi. Supu unabaki nayo. Ini lisiguse sufuria hiyo kamwe, ndilo lililokuchafulia mchuzi.

Dada Presha
Shikamoo Mzee. Ila saa moja na nusu ya gesi kwa firigisi nusu kilo, mtu akimaliza anadaiwa!

Presha dakika 25, uanze kuhesabu kidude cha juu kikishapiga mluzi, si unapowasha moto. Za kuku aliyekomaa au bata nafikisha 35. Maji kikombe kimoja kinatosha kwa kiasi hicho kwa sababu mvuke unaotoka ni kidogo (angalia lakini kiwango cha chini cha sufuria yako). Zima, acha presha ishuke yenyewe.

Kasoro yake naisema wazi: huwezi kuonja katikati. Ukipitiliza, firigisi zinalegea mpaka zinachosha, na ladha yote imehamia kwenye maji. Kwa hiyo maji yale usiyamwage. Yachemshe bila kifuniko yapungue, ndipo uungie vitunguu na nyanya. Huo mchuzi na ule wa (a) sijaona wa kumshinda mwenzake.

Kisu Kikali
Naona (c) inapitwa kama gari bovu. Inawezekana kabisa, ila kazi inahamia kwenye kisu.

Itazame firigisi vizuri. Ina vinundu vya nyama nyekundu iliyokoza, na juu yake utando mgumu mweupe unaong'aa kama fedha. Mpira unaolalamikiwa ni huo utando. Laza kisu, ukwangue utando wote, ubaki na nyama tupu. Kata vipande vya milimita 2 au 3, vikaushe kwa tishu, kikaango kiwe cha moto hasa, mafuta kidogo, usijaze. Dakika 3 au 4, chumvi, ndimu, epua.

Hazitakuwa laini kama za Mzee. Zina mkwaruzo kidogo menoni, na mimi ndicho ninachokitafuta. Kwa upande wa gesi hakuna wa kunikaribia. Utando nautupia kwenye supu ya shingo.

Mzee wa Supu
Unamaliza gesi kidogo, unamaliza mchana mzima unakwangua. Firigisi ishirini hizo, bwana.

Kisu Kikali
Robo saa, Mzee wangu, kisu kikiwa kinakata.

Mgeni_Jikoni
Nashukuru wote. Swali la pembeni: baadhi zilikuwa na ngozi ya njano ndani na kitu kama mchanga. Inaliwa?

Mama wa Mabanda
Hailiwi mwanangu, hapo umepika takataka! Hiyo ngozi ya njano ndiyo inayokutana na changarawe, ni ngumu na hailainiki hata ukiipika wiki. Nafuga na nachinja mwenyewe, nakupa utaratibu: pasua firigisi ubavuni, kunjua, mwaga uchafu, suuza kwenye bakuli. Kisha ingiza ukucha chini ya ukingo wa ile ngozi uivute. Ikiteleza, paka chumvi ya mawe vidoleni. Mara nyingi inatoka kipande kizima, na kuna raha yake.

Nimesema bakuli, si bomba lililofunguliwa kwa nguvu. Maji ya kuku mbichi yakiruka yanasambaza vijidudu sinki zima, mpaka kwenye vyombo visafi. Ukimaliza, osha kibao, kisu na mikono kwa sabuni.

Na kwenye ini kagua nyongo. Ukiona doa la kijani, likate pamoja na nyama inayolizunguka. Kuosha hakusaidii, uchungu umeshaingia. Pengine hata ule uchungu wa jana haukutokana na muda peke yake.

Mioyo ipasue katikati, toa damu iliyoganda na mishipa ya juu. Basi, mioyo haina makuu.

Papai_Bichi
Mbona hakuna aliyetaja papai bichi? Saga kipande, paka firigisi, acha usiku kucha. Zinalainika bila gesi.

Dada Presha
Nimewahi, nikajuta. Utomvu wa papai unamega nyama pale unapogusa tu. Asubuhi nje kulikuwa uji, ndani mpira uleule. Ukitaka papai, kata vipande vyembamba vya Kisu Kikali na usizidishe nusu saa. Kwa firigisi nzima ni kujidanganya.

Papai_Bichi
Usiku kucha nimezidisha chumvi, nakubali. Nusu saa sawa.

Moto wa Wastani
Turudi kwenye maini, maana hapo ndipo watu wengi wanakosea. Yatenganishe vipande vyake, toa mishipa ya katikati, yakaushe sana. Ini lenye maji likiingia kwenye mafuta linaruka kama bisi, nina kovu mkononi. Kikaango cha moto, dakika 2 hadi 3 kila upande, kitunguu kikaangwe kwanza pembeni. Chumvi mwishoni. Mimi naacha katikati pawe na uwaridi, ndiyo siri ya ulaini.

Mama wa Mabanda
Hapo kwenye uwaridi nakupinga. Kuna watu wanadhani vijidudu viko juu ya nyama tu, ukikaanga nje umemaliza. Kwenye ini la kuku, bakteria wanaoitwa Campylobacter wanaweza kuwa ndani kabisa, na ini lisiloiva limeshalaza watu wengi. Katikati pafike nyuzijoto 74. Kama huna kipimajoto, kata kipande kinene kuliko vyote: pasiwe na uwaridi wala damu. Ukiepua hapohapo bado ni laini. Kinachoyafanya ungaunga ni dakika kumi za "ngoja kidogo tena".

Moto wa Wastani
Sawa mama, nakubali kwa hilo. Nitanunua kipimajoto.

Dada Presha
Na mjamzito asiyale, vitamini A yake ni nyingi mno. Mwenye jongo naye ajihadhari na vya ndani vyote.

Mgeni, friza yako ndiyo chanzo cha haya yote. Weka mifuko miwili: maini peke yake, firigisi na mioyo na shingo mwingine. Andika tarehe, usipitishe miezi 3 au 4. Kuyeyusha ni ndani ya friji tangu jana yake, si juu ya meza. Na usipogandisha, pika ndani ya siku moja au mbili.

Mpita Njia
Mwenzenu niliwahi kumwoka kuku na kimfuko chake cha plastiki ndani. Nilikigundua mezani, mbele ya wakwe. Endeleeni.

Mgeni_Jikoni
Mrejesho, wakuu. Leo nimechukua njia ya Dada Presha kwa firigisi na shingo, dakika 25. Nimeonja: laini, lakini bado ina kitu cha kutafuna. Nimezitoa, nikakaanga pamoja na mioyo iliyokatwa katikati, dakika 5. Maji nimeyapunguza mpaka yakawa mazito, nikaunga. Maini nimekaanga kikaango kingine, nikayamwaga juu mwisho kabisa wakati wa kupakua. Hakuna uchungu, hakuna unga. Supu ya shingo iliyobaki imeganda kwenye friji kama alivyosema Mzee.

Ila Mzee, za kwako nitazijaribu siku nina muda. Kuna harufu fulani sufuria ikichemka kwa mbali ambayo presha inaifungia ndani.

Mzee wa Supu
Umeanza kuelewa.

Kisu Kikali
Na njia ya tatu hukuijaribu. Kisu butu?

Mgeni_Jikoni
Butu, mkuu. Hata nyanya kinaiponda.