Mjadala: Uliberali wa leo ni mtoto wa ule wa kale, au umechukua jina tu?

Kurwa: John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17 anayeitwa baba wa uliberali (fikra ya kutanguliza uhuru wa mtu), aliona dola ipo kulinda uhai, uhuru na mali. Mliberali wa leo anataka dola itoze kodi, imtibu mgonjwa, imsomeshe mtoto. Nyumba ni ile ile imeongezwa chumba, au imebomolewa?

Soko Huria: Imebomolewa. Adam Smith, mwanauchumi wa Scotland, (1776) aliipa dola kazi tatu: ulinzi, haki, na miradi ya umma ambayo mtu binafsi akiijenga hairudishi gharama. Karne iliyofuata wakaja kina T. H. Green, mwanafalsafa wa Oxford, Uingereza, walimu wa chuo wasiojua maisha ya mtaani, wakasema uhuru si kuachwa tu, ni kuwezeshwa. Ukishakubali hilo, dola haina pa kukomea. Mwaka 1911 Lloyd George, waziri wa fedha wa Uingereza, akagawa bima ya afya ya bure.

Bintisheria: "Wasiojua maisha ya mtaani"? Mkuu, umemvunjia heshima. Green alichaguliwa diwani wa mji wa Oxford mwaka 1876. Hotuba yake ya 1881 ilitetea sheria ya kumwajibisha mwajiri kwa mfanyakazi aliyeumia kazini. Na bima haikuwa ya bure: kila wiki mfanyakazi mwanamume alikatwa peni 4, mwajiri akatoa 3, serikali 2.

Soko Huria: Kwenye peni nimekosea. Lakini kuwa diwani si kufanya kazi kiwandani. Watu wazima wawili wakishapatana, wa tatu anaingilia nini?

Kurwa: Hilo ndilo la kesi ya Lochner, Marekani, 1905. New York iliwawekea waoka mikate kikomo cha saa 10 kwa siku, 60 kwa wiki. Mahakama ya Juu ikaifuta sheria, majaji 5 kwa 4, kwa jina la uhuru wa mkataba. Mwokaji akigoma saa ya 11, kuna mwenye njaa anasubiri mlangoni. Hapo wamepatana nini?

Soko Huria: Basi msimtaje John Stuart Mill, mwanafalsafa Mwingereza wa uliberali wa karne ya 19. Alitaka dola ilazimishe elimu, isiihodhi, maana shule za dola pekee zingefinyanga watu wafanane. Tahadhari hiyo mmeitupa.

Bintisheria: Mmalizie Mill wako. Alikubali shule za dola ziwe mojawapo kati ya nyingi zinazoshindana, na dola isaidie ada za maskini. Fedha hizo zinatoka wapi kama si kodi? Na kwa Green bado hujafuta kauli yako.