Tupeane uzoefu: uliichaguaje saundi kadi ya studio yako?

Mtoa mada, Nzuguni

Habari zenu, ndugu wadau. Nina chumba kidogo cha kurekodia hapa Nzuguni, Dodoma, na kwa miaka minne nimekifanyia kazi kwa kiolesura cha sauti, au saundi kadi kama tunavyoiita wengi wetu, chenye matundu mawili tu ya maikrofoni. Nimejipanga kununua kifaa cha kitaalamu, na kabla sijatoa fedha naomba tupeane uzoefu. Tafadhali tusiishie kutaja majina ya vifaa; kila mmoja aeleze alikuwa anarekodi nini, alichagua kwa kigezo gani, na kazi ilimfundisha nini baadaye.

Naanza na langu. Mwishoni mwa Novemba ilinijia kwaya ya watu 24, wakiwa na ngoma, gitaa la besi na kinanda, na mwalimu wao akasisitiza kwamba waimbe kwa pamoja, kwa kuwa wakitenganishwa wimbo unapoa. Nilikubali. Niliazima mikisa, nikapitisha maikrofoni saba ndani yake, kisha nikatoa nyaya mbili tu, wa kushoto na wa kulia, kwenda kwenye saundi kadi yangu. Siku ile kila kitu kilisikika vizuri kwenye hedifoni. Tatizo lilijitokeza usiku wa tatu, nilipokaa kuchanganya: ngoma ilikuwa imewafunika alto, na kwa sababu sauti zote zilikwisha kuungana kwenye chaneli mbili, kila nilipopunguza ngoma niliwapunguza na akina mama wale. Nilimpigia mwalimu simu kuomba turudie, akaniambia mvua za kwanza zimenyesha na nusu ya wanakwaya wako mashambani wanapanda mtama. Kazi ile niliikabidhi ikiwa na kasoro yake, na mpaka leo nikiisikia ikipigwa naumia.

Fundi wa Kwaya, Makole

Pole sana, ndugu mtoa mada. Nami nimepita njia hiyo, na tangu hapo kigezo changu cha kwanza ni kuhesabu maikrofoni za kazi kubwa kuliko zote ninazozipata mara kwa mara. Kwangu zilifika nane, nikanunua kifaa chenye priampu nane, yaani vikuza sauti vya maikrofoni. Nasisitiza neno priampu, kwa kuwa namba zinazoandikwa kwenye majina ya vifaa huwachanganya wengi. Chukua mfano wa Focusrite Scarlett 18i20: ile 18 haimaanishi kwamba utachomeka maikrofoni 18. Maikrofoni ni nane, na njia nyingine nyingi kati ya zilizobaki huingia kidijitali, nane kati yake zikipitia tundu la nuru liitwalo ADAT.

Tundu hilo ndilo ninalokushauri ulitazame kuliko mapambo mengine yote. Waya mmoja wa ADAT hubeba chaneli nane kwenye 48 kHz, yaani sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde, na nne tu ukipanda hadi 96 kHz. Maana yake ni kwamba leo unaweza kununua kifaa cha maikrofoni nane, na mwaka kesho kazi zikikua ukaongeza kisanduku kingine cha priampu nane bila kuitupa saundi kadi ya kwanza. Mimi nilifanya hivyo baada ya miaka miwili, na sikuuza chochote.

Kuhusu zile kHz 192 zinazotangazwa sana, nimezijaribu na nimeziacha. Kwaya zote nazirekodi kwa 48 kHz na biti 24. Wimbo wa dakika tano kwa chaneli nane huchukua takriban megabaiti 346, ukipanda 96 kHz unakuwa maradufu, na mteja anayekuja na vipande kumi na viwili atakujazia diski kabla hujafika mwisho wa mwezi. Fedha ambayo ningeitoa kwa ajili ya namba hizo niliipeleka kwenye maikrofoni na stendi.

Dada wa Simulizi, Area C

Naomba kutofautiana kidogo na kaka yangu wa Makole, kwa sababu si kila studio inahitaji matundu nane. Mimi narekodi matangazo ya redio, masomo ya kusikiliza na simulizi, na katika miaka sita sijawahi kuwa na watu zaidi ya wawili mbele ya maikrofoni kwa wakati mmoja. Kilichonitesa ni nguvu ya priampu.

Nilinunua maikrofoni ya Shure SM7B kwa akiba ya mwaka mzima. Ni maikrofoni nzuri kwa sauti ya mazungumzo, lakini hutoa mawimbi dhaifu, na ili isikike sawasawa huhitaji geini (ukuzaji wa sauti) safi ya takriban desibeli 60. Saundi kadi yangu ya wakati ule haikufika hata 50. Nilizungusha kitufe cha geini mpaka kikagota, na nyuma ya sauti ya msomaji kukawa na mchirizo mwembamba usiokatika, kama mchele unaopepetwa kwenye ungo chumba cha pili. Kwenye muziki mchirizo wa namna hiyo humezwa na ala. Kwenye simulizi, pale msomaji anaponyamaza ili msikilizaji avute pumzi, hakuna cha kuuficha.

Kwa muda nilitumia kikuzaji kidogo kinachowekwa katikati ya waya, kinachopata nguvu yake kutoka kwenye umeme wa volti 48 wa saundi kadi na kuongeza desibeli 20 na ushee. Kilisaidia, lakini baadaye nilibadilisha kifaa chenyewe. Kwa hiyo nikifungua karatasi ya vipimo, huanza na mistari miwili: kiwango cha juu cha geini, na kiwango cha kelele za priampu yenyewe, ambacho kwa vifaa vizuri vya siku hizi huwa karibu na desibeli 128 chini ya sifuri. Vifaa vya bei ya kati vimeboreka sana katika hili; Scarlett 2i2 ya toleo la nne, iliyotoka mwaka 2023, ina geini ya desibeli 69, kiasi ambacho zamani ungekitafuta kwenye mitambo ya gharama kubwa. Mtoa mada, ikiwa utanunua matundu nane ila priampu zake ni dhaifu, alto zako zitatoka kwenye ngoma na kuingia kwenye kelele.

Prodyuza wa Kizota

Yangu ni mawili, na yote yalinigharimu.

La kwanza ni kununua kilichokwisha pitwa. Mtu aliniuzia saundi kadi iliyotumika, ya kampuni yenye heshima, priampu zake tamu, kwa bei ya chini ajabu. Ilikuwa inatumia FireWire, aina ya zamani ya tundu la kuunganisha vifaa na kompyuta. Nilifanya nayo kazi mwaka mmoja kwenye kompyuta yangu ya zamani, na kompyuta ilipokufa nikagundua kwamba mpya zote nilizoonyeshwa madukani hazina tundu hilo. Kifaa kizima, kisicho na ubovu wowote, kipo kabatini. Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza bei, nauliza inaunganishwa kwa nini, na kama mtengenezaji bado anatoa dereva mpya (programu inayokiwezesha kifaa kuwasiliana na kompyuta) kwa mfumo wa kompyuta ninaoutumia. Na usidhani kwamba USB ya kawaida ni nyembamba mno kwa kazi hii, USB 2.0 hubeba megabiti 480 kwa sekunde, wakati chaneli nane za biti 24 kwenye 48 kHz hazifiki hata megabiti 10.

La pili ni ucheleweshaji. Wasanii wangu wa kufoka walikuwa wanalalamika kwamba hedifoni zinawavuruga, nami nikawa nawaambia wazoee. Nilikuwa nimeweka bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuichakata, ya sampuli 1,024 kwenye 44.1 kHz, ambayo ni milisekunde 23 za kuingia na nyingine kama hizo za kutoka, sawa na msanii kuisikia sauti yake kutoka kwenye spika iliyo mita 16 mbali naye. Hakuna anayeweza kukaa kwenye mdundo kwa hali hiyo. Nikishusha bafa hadi 64 sauti inakatikakatika, kwa kuwa sikuwa na dereva halisi ya ASIO (aina ya dereva ya sauti isiyochelewesha) ya kifaa changu, bali nilitumia ile ya bure inayounganisha vifaa vya kila aina. Nilipohamia kwenye kifaa chenye dereva iliyoandikwa na mtengenezaji wake mwenyewe, kompyuta ile ile ikafanya kazi kwa sampuli 128 bila mkwaruzo. Ndiyo maana watu wa RME ya Ujerumani husifiwa: dereva zao hutulia, na vifaa vyao vya miaka mingi iliyopita bado vinahudumiwa. Universal Audio nao walipita njia nyingine kwenye Apollo zao, kwa kuweka vichakataji ndani ya kifaa, ili mwimbaji asikie sauti yake ikiwa imeshapambwa bila kusubiri kompyuta. Ni ghali, lakini ukikaa na mwimbaji anayejisikia vizuri kwenye hedifoni utaona tofauti katika uimbaji wenyewe.

Nyongeza moja: nunua mahali ambapo utaruhusiwa kupima na kurudisha. Tangu treni ya umeme ianze safari za Dodoma mwezi Julai 2024, mimi huenda Kariakoo na laptopi yangu begani, nafunga dereva palepale dukani, na narudi jioni.

Mpenda Zeze, Bahi

Shikamooni wakubwa, na vijana hamjambo. Mimi hurekodi ngoma za Wagogo kijijini, chini ya mti, ambako hakuna pa kuchomeka. Kwangu kigezo kikuu ni kifaa kinachopata umeme wake kwenye waya wa USB peke yake. Nilianza na kinachohitaji adapta, nikakiendesha kwa inveta ya gari, na kila rekodi ikawa na mlio mwembamba wa inveta. Sasa natumia MOTU M4 kwa betri ya laptopi: maikrofoni mbili, basi.

Mbili hizo zinatosha zikiwekwa kwa subira. Ugumu uko kwenye tofauti ya ukubwa wa sauti. Ilimba, kinanda cha vidole cha Wagogo, hunong'ona, na ina mvumo wake wa asili ambao kijana mmoja aliyenisaidia alidhani ni ubovu wa waya, akataka kuuondoa. Dakika moja baadaye akina mama wanaingia na muheme, ngoma zao. Aliyewahi kumsikiliza marehemu Hukwe Zawose anajua jinsi hata mwimbaji mmoja wa Kigogo anavyoweza kutoka chini kabisa na kupaa ghafla. Kwa hiyo geini naiweka chini, sauti ya kawaida ikizunguka desibeli 18 chini ya kilele, na ninaziamini biti 24 kwamba hata kile kinachonong'ona hakitapotea. Kifaa chenye mita za kiwango zinazoonekana usoni pake, hata kwenye jua la saa nane, kina thamani kubwa kwangu.

Fundi Umeme, Kikuyu

Kwa ufupi. Wengi wanaoniletea saundi kadi wakisema zinavuma, vifaa vyao ni vizima. Mvumo mzito wa hezi 50 mara nyingi hutoka kwenye ethi ya nyumba, ule waya wa umeme unaoingia ardhini. Udongo wetu hapa Dodoma ukikauka kuanzia Juni, fimbo ya ethi inakuwa kama imechomekwa kwenye unga, na iliyokuwa ikifanya kazi Machi haifanyi kazi Septemba. Mwiteni fundi aipime. Pengine itahitaji kuchimbiwa chini zaidi, au kuzungushiwa mkaa na chumvi na kumwagiwa maji. Msikate pini ya ethi kwenye plagi ili mvumo uishe, kwa sababu siku hitilafu ikitokea mwimbaji ndiye atakayeshika chuma cha maikrofoni. Kwa nyaya za kwenda kwenye spika tumieni zile zenye nyuzi tatu, na saundi kadi inayotumia adapta ikae kwenye UPS pamoja na kompyuta.

Mtoa mada, Nzuguni

Ndugu zangu, asanteni. Baada ya kuwasoma nilimwita fundi, na ethi yangu ilikuwa imekauka kweli. Kisha ndugu wa Makole alinifuata pembeni na kuniazima kifaa chake cha matundu nane kwa siku mbili, nikakibeba hadi kwenye mazoezi ya kwaya ile ile. Niliweka mbili kwa soprano, mbili kwa alto, moja kwa tenori, moja kwa waimbaji wa besi na moja kwenye ngoma, kinanda kikaingia tundu la nane, na gitaa la besi likasubiri. Dada wa Area C, geini nilizipandisha hadi desibeli 52 kwa alto na hapakuwa na mchele kwenye ungo.

Usiku nilifungua mafaili, nikaizima chaneli ya ngoma. Ilibaki kusikika kwa mbali, ikiwa imeingia kupitia maikrofoni za wengine, lakini alto walikuwa pale, kila neno. Nimemtumia mwalimu kipande hicho, naye amesema watamaliza kuvuna Juni na watakuja kurudia wimbo wote. Nitanunua cha nane, chenye ADAT. Aliyewahi kuunganisha kisanduku cha pili cha priampu aniambie: saa ya kidijitali, ile inayofanya vifaa viwili viende sawa, aliiongoza kutoka kifaa kipi?

Fundi wa Kwaya, Makole

Kile kinachopokea ADAT kikifuate kisanduku kinachotuma. Chagua ADAT kama chanzo cha saa kwenye programu ya saundi kadi yako, na hakikisha vyote viwili viko kwenye 48 kHz, la sivyo utasikia mikwaruzo midogo kila baada ya sekunde chache na utadhani ni waya.