Filamu ya sheli ya Wajerumani (1930): mbona ipo na ya Kifaransa?

Zamu ya Usiku: Wakuu, heshima kwenu. Nauza mafuta sheli moja hapa Mwenge. Mteja mmoja kaniambia "kuna filamu inawahusu nyie," akanirushia Die Drei von der Tankstelle. Marafiki watatu wanarudi safari, wanakuta wamefilisika, dalali kashabandika alama kwenye samani zote. Na wao wanaimba! Gari likawaishia mafuta njiani, wakaliuza, wakafungua sheli. Wakipokezana zamu, wote wakampenda mteja yuleyule, Lilian Harvey, kila mtu kivyake. Kwetu ukimkodolea mteja macho namna ile, pampu imeshavuka elfu kumi aliyotaka.

Sasa nimekutana na Le Chemin du paradis. Dada yuleyule, sheli ileile, ila Willy Fritsch, mmoja wa wale marafiki, hayupo, yupo Henri Garat, wanaongea Kifaransa. Ni wizi au?

Mzee wa Upanga: Si wizi kijana, ni kampuni ileile ya filamu ya Kijerumani, Ufa. Filamu za sauti zilikuwa changa, na kuingiza lugha nyingine juu ya picha, kama mlivyozoea vibanda umiza, kulikuwa kazi ngumu. Basi walipiga filamu mara mbili, waigizaji wengine wakibadilishwa. Harvey alibaki kwa kuwa alikimudu Kifaransa, na Kiingereza pia, maana alizaliwa London. Mwaka uliofuata, kwenye Der Kongreß tanzt, alicheza matoleo matatu: Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza.

Hilo la kuimba mbele ya dalali ndiyo opereta yenyewe, yaani igizo jepesi la nyimbo. Sisi tuliokulia sinema ya Avalon na filamu za Kihindi hatushangai. Utamu ni kwamba opereta za jukwaani zilijaa wana wa wafalme na makabaila. Werner Richard Heymann akawatungia nyimbo watu wasio na senti.

Binti Ilala: Ongezea na mwaka, mzee. Ilizinduliwa Berlin tarehe 15 Septemba 1930, siku moja baada ya uchaguzi uliowapandisha Wanazi kutoka viti 12 vya bunge hadi 107. Mwaka 1937 wakaipiga marufuku. Heymann na mtayarishaji Erich Pommer, wote Wayahudi, walishaondoka tangu 1933.

Anza na ya Kijerumani, kundi la waimbaji Comedian Harmonists limo. Na usizime mapema: Harvey na Fritsch wanatoka mbele ya pazia, wanashangaa kwa nini watazamaji bado mmekaa.

Zamu ya Usiku: Pale ndipo lori lilipopiga honi! Narudia leo.