Mgonjwa wa kisukari na unga wa miti shamba usio na lebo: taarifa ijazwe vipi?

Muuguzi wa zahanati, Korogwe
Mzee mmoja anayetumia glibenclamide, dawa ya kisukari ya kushusha sukari, ameletwa leo akitokwa na jasho jingi, akitetemeka na kuzungumza maneno yasiyoeleweka. Sukari ilikuwa imeshuka sana, na baada ya kupewa glukosi amepata nafuu. Familia inasema amekuwa akinywa unga wa miti shamba ulionunuliwa gulioni. Je, fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ile ya kutoa taarifa za madhara ya dawa, inahusu dawa za namna hiyo, na niandike nini kwenye jina la dawa, ilhali muuzaji ametaja jina la kienyeji tu?

Mfamasia
Mgonjwa kwanza, Sista. Glibenclamide hukaa mwilini muda mrefu, hivyo sukari inaweza kushuka tena hata baada ya glukosi. Asirudi nyumbani leo, apimwe mara kwa mara kwa saa 24 au apewe rufaa.

Fomu inahusu dawa za miti shamba pia, na huhitaji kuthibitisha chochote, kwani shaka inatosha. Andika dawa zote mbili, kiasi alichokunywa, tarehe aliyoanza kila moja na vipimo vya sukari. Zaidi ya yote, uhifadhi unga uliobaki pamoja na mfuko wake, kwa sababu huenda kilichomdhuru si mti. Mwaka 2008 nchini Singapore, watu 150 wasio na kisukari walilazwa kwa kushuka sukari, na 4 wakafariki. Uchunguzi ulikuta glibenclamide ndani ya dawa za kuongeza nguvu za kiume, zikiwemo zilizouzwa kama za mitishamba. Bila sampuli hakuna maabara itakayoweza kugundua jambo kama hilo.

Tabibu wa tiba asili
Nakubaliana, ila na mmea nao utambuliwe, kwa kuwa jina moja la kienyeji huweza kubeba miti tofauti ukitoka Usambara hadi Pwani. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliotumia dawa za kupunguza unene waliharibikiwa figo baada ya Stephania tetrandra kubadilishwa na Aristolochia fangchi yenye sumu, mimea ambayo majina yake ya Kichina yanakaribiana. Muuzaji akikubali kuonyesha mti, kateni tawi lenye majani, na maua au matunda yakiwepo, mlikaushe kati ya magazeti na kulipeleka Taasisi ya Tiba Asilia ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS).

Muuguzi wa zahanati, Korogwe
Nashukuru sana. Familia inahofu kwamba muuzaji atakamatwa na mzee atagombezwa.

Mfamasia
Waeleze kwamba taarifa hutunzwa kwa siri na lengo lake ni kuwakinga wagonjwa wengine. Mzee naye asikaripiwe hata kidogo: wagonjwa wengi hutuficha dawa za asili kwa sababu hiyo hiyo, nasi tunabaki kuongeza au kupunguza dozi bila kujua wanakunywa nini kingine.