Hita ya ndoo imempiga shoti binti yangu na swichi imezimwa. Niitupe?

Mama Naima: Habari zenu wakuu. Jana alfajiri binti yangu wa miaka 9 alichovya vidole kwenye ndoo kupima kama maji yamepata moto. Nilisikia ukelele mmoja, mkono ukaruka, ndoo ikapinduka. Swichi ya ukutani nilishaizima mwenyewe, plagi tu ndiyo sikuchomoa. Vidole vimekaa na ganzi karibu nusu saa. Hita bado inachemsha vizuri. Huku Mbagala tunatumia maji ya kisima, yana chumvi. Fundi wa mtaani anasema hita zote ndivyo zilivyo. Moyo wangu haujatulia, naombeni ushauri.

Fundi Koili: Pole sana mama. Hapana, si kawaida hata kidogo! Ndani ya lile bomba la hita kuna waya unaopata moto, umezungukwa na unga mweupe unaozuia umeme usifike nje. Chumvi inalila bomba polepole. Likitoboka hata kitundu cha sindano, unga unalowa na umeme unavujia kwenye maji, huku hita inachemsha kama kawaida. Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika.

Na swichi: huenda aliyefunga soketi aligeuza waya. Swichi inakata nyutro (waya wa kurudisha umeme), laini (waya unaoleta umeme) inabaki hai mpaka kwenye ndoo, volti 230. Usiguse maji kabla hujachomoa plagi. Plagi yako ina pini ngapi?

Mpangaji: Yangu pini mbili, nachokonoa tundu la juu kwa kalamu ndipo iingie.

Fundi Koili: Acha leo leo, ndugu yangu. Tundu hilo ndilo la ethi, waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Hita ya pini mbili haina ethi kabisa. Ikivuja, njia ya umeme ni mwili wako.

Nesi Mstaafu: Mama Naima, mpeleke mtoto zahanati hata kama anacheza. Shoti inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na kidonda chake huwa kidogo juu, kikubwa ndani.

Mama Naima: Asanteni sana. Tumetoka zahanati, moyo uko sawa. Hita ni ya pini mbili, na kwenye kona ya msokoto nimekuta kidoa cha kutu kama punje ya mtama. Nimeukata waya wake vipande vipande, asije mtu akaiokota jalalani. Fundi, kugeuza waya za soketi ni kazi ya muda gani? Nataka nimwambie mwenye nyumba leo jioni.

Fundi Koili: Soketi moja dakika kumi, mama. Mwambie apime na ethi ya nyumba, na aweke kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, cha miliampia 30.