Canter 4D33 inamaliza maji na oili: nifumue injini hii au nitafute nyingine?

Mama Dagaa

Habari za jioni wadau, wakubwa shikamooni.

Nina Canter, injini 4D33, ile isiyo na tabo. Kazi yake ni dagaa: inapakia Mwaloni Kirumba hapa Mwanza, inashusha Shinyanga na Kahama, mara mojamoja Tabora. Kurudi inabeba mchele ukipatikana. Niliinunua mkononi mwa mtu. Kuhusu injini kama ilishawahi kufunguliwa sina kumbukumbu yoyote zaidi ya maneno ya aliyeniuzia, na maneno ya mtu anayeuza gari mnayajua.

Ugonjwa wake ni huu. Asubuhi inawaka kwa shida na kutoa moshi mweupe mzito unaochoma macho. Ikishapata moto moshi unapungua. Maji ya rejeta yanapungua lakini chini huoni tone. Ikiwa na mzigo, mshale wa joto unapanda kabla ya Misungwi na dereva anasimama kuipumzisha. Oili nayo kila safari ananiambia ameongeza.

Nimeipeleka kwa mafundi watatu. Wa kwanza alisikiliza mlio kidogo tu, akasema gasketi ya hedi. Wa pili akasema hakuna cha gasketi hapo, ifumuliwe yote: pistoni, ringi, slivu zinamopita pistoni, metali zinazoshika krenki, na krenki yenyewe ikachongwe. Vipuri na ufundi kaniandikia milioni 3.2. Wa tatu akasema nisipoteze hela, kuna nusu injini ya Japani kwa milioni 6.5, anaifunga upesi gari linarudi barabarani. Kila mmoja ana uhakika na hakuna hata mmoja aliyepima kitu.

Sitafuti jina la fundi, maana najua mtanitajia shemeji zenu. Ninachotaka kujua ni namna ya kuamua KABLA injini haijafunguliwa. Ikishafunguliwa, vyuma viko kwenye beseni, mwenye gari huna sauti tena. Ni simu tu: mama, tumekuta na hiki, mama, na hiki nacho kimekwisha. Wakati huo mzigo wangu nausafirisha kwa gari la kukodi, na anayenikodisha anajua kabisa nimebanwa.

Jambo lingine, mbalamwezi inakuja. Kwa msioijua biashara hii, dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, wavuvi wengi wanatulia na Mwaloni panapoa. Hicho ndicho kipindi gari langu linaweza kulala bila kuniumiza sana, kwa hiyo nataka niwe nimeshaamua.

Anayetaka kunishauri niuze ninunue Fuso, aje na hela mkononi.

Utingo Mstaafu

Mwangaluka mama. Nilikuwa nakuja kuandika habari ya Fuso nikakuta mlango umefungwa.

Swali moja tu: themostati ipo?

Mama Dagaa

Dereva anasema kuna fundi aliitoa zamani. Eti nchi ya joto haihitaji.

Fundi wa Nyakato

Mama, pole na kazi. Umeuliza swali ambalo wenye magari wengi hawaulizi, nitalijibu kwa urefu.

Kutengeneza au kubadilisha kunaamuliwa na bloku, yaani mwili wa injini, na krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Vingine vyote vinanunulika. 4D33 ni silinda nne, ujazo wa cc 4,214, pampu yake ni ya vyuma vitupu haina kompyuta, slivu zinatoka zinaingia nyingine, na vipuri vyake vimejaa mjini. Injini ya namna hii sioni sababu ya kuitupa kwa kusikiliza mlio.

Anza na moshi wako. Umesema unachoma macho. Mvuke wa maji hauchomi macho. Huo ni dizeli ambayo haikuungua, maana yake kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, ni ndogo mahali fulani, au nozeli zinamwaga badala ya kunyunyiza. Maji kupungua ni jambo jingine, ingawa yanaweza kuwa na chanzo kimoja. Oili kuungua ungeona moshi wa bluu, na wewe hukuutaja. Shika hilo.

Sasa vipimo, vyote bila kufungua injini. Gari likiwa limelala usiku kucha, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji mpaka shingoni, washa. Mapovu yakitoka mfululizo wakati maji bado ya baridi, hewa ya ndani ya silinda inaingia kwenye maji: gasketi imeungua au hedi ina ufa. Shika na hozi ya juu. Ukifunga kifuniko halafu hozi ikawa ngumu mapema hivyo, jibu ni lilelile. Ila injini ikishapata moto usiguse kifuniko, kitakuunguza uso.

Kisha iache ipate moto, iwe sailensa tu, haijakanyagwa. Legeza kifuniko cha oili, kigeuze, kilaze juu ya tundu lake. Kikitetemeka papo hapo si neno. Kikirushwa, na moshi ukatoka kwa mipigo, ringi na slivu zimechoka.

Cha tatu ni kompresheni, na hapa ndipo wengi wanadanganywa. Dai geji ya dizeli. Ile ya petroli haibebi presha ya dizeli, itakufa au ikupe namba ya uongo. Wanatoa nozeli na kufunga adapta kwenye tundu lake. Wewe angalia tofauti ya silinda na silinda kuliko namba yenyewe. Zote nne zikiwa chini kwa kulingana, huo ni uchakavu wa jumla. Mbili zinazopakana zikiwa chini na za pembeni ziko juu, gasketi imekatika katikati yake.

Mwisho presha ya oili ikiwa moto. Atoe swichi ya taa ya oili afunge geji mahali pake. Taa ya dashibodi usiitegemee, inaweza kuzimika hata presha ikiwa duni. Ikiwa nzuri asubuhi halafu ikaanguka kabisa injini ikipata moto, metali na krenki zimelika. Na ukisikia chini panagonga, zima hapo hapo, gari livutwe.

Mapovu yakionekana na mengine yako salama, unashusha hedi tu. Kifuniko kikirushwa lakini presha ya oili ipo, hiyo ni ya kufumua. Presha ikiwa imekufa, unafika kwenye krenki, na hapo muulize fundi imeshachongwa saizi gani: 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00. Mgongoni mwa metali huwa imeandikwa. Ikiwa imeshafika saizi ya mwisho, au bloku ina ufa, hapo ndipo yule wa milioni 6.5 ana hoja.

Kuhusu themostati, ile valvu inayofungulia maji kwenda rejeta injini ikipata moto, huyo aliyeitoa alikupunguzia kifaa na kukuongezea joto. Kwenye injini nyingi themostati ikifunguka inaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, maji mengine yanarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Tena sisi tuko juu: ziwa lenyewe liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na maji ya wazi hapa yanachemka karibu nyuzi 96, si 100. Kifuniko cha rejeta kizima kinabana presha na kusogeza kiwango hicho kupita 110. Kikilegea, maji yanachemka na kutoka njiani, asubuhi unatafuta tone chini huoni. Kabla ya kununua injini ya mamilioni, nunua kifuniko.

Dereva Sirari

Fundi kamaliza. Mimi niongeze upande wa injini za Japani maana nimepita huko na Canter ya bosi.

Ya kwanza tuliyoonyeshwa na muuzaji mmoja ilikuwa imepigwa rangi inang'aa. Nikaangalia bolti za sampo, lile bakuli la oili chini ya injini: rangi mpya, lakini pembe zimekwaruzwa na spana. Sasa injini iliyotoka melini jana nani alishafungua sampo yake? Tukaondoka. Ya pili tuliichukua kwa sababu alikubali kuiwasha chini, kwa betri na ndoo ya maji, mbele yetu. Tuliiacha ingurume mpaka ikapata moto, tukafanya na mtihani wa kifuniko cha oili alioueleza fundi. Inafanya kazi mpaka leo, sitaisema vibaya.

Lakini mama, elewa "nusu injini" ni nini. Pampu, stata, jenereta, manifodi, vyote unahamisha vya kwako. Kama ugonjwa uko kwenye pampu au nozeli, unauhamishia nyumba mpya. Na rejeta ikiwa imeziba, itachemsha hiyo ya Japani kama ilivyochemsha ya zamani. Linganisha pia sampo, kuna za tumbo mbele na za tumbo nyuma. Sisi ilibidi tubadilishane, siku nzima ikapotea.

Halafu karatasi. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari. Dai risiti ya EFD na nyaraka za forodha kabla hujatoa hela, maana TRA utahitaji kitu cha kuonyesha ili taarifa zibadilishwe. Siku ukitaka kuuza gari, mnunuzi mwenye akili atainama kusoma namba.

Kijana wa Buhongwa

Mimi napingana nanyi kidogo. Dada badilisha tu. Injini zinazofumuliwa huku kwetu hazidumu, na sababu si vipuri. Inafunguliwa chini ya mwembe, upepo unapiga, vumbi linaingia kwenye slivu mpya, krenki imelazwa juu ya gunia. Ile ya Japani angalau ilifungwa kiwandani.

Fundi wa Nyakato

Kijana kasema kweli kuhusu mwembe. Ndiyo maana nasema apime kwanza: akibahatika hatafika kwenye krenki kabisa. Ila hiyo ya kiwandani nayo imetembea, na hakuna anayejua kilomita zake.

Mama Dagaa

Nimerudi na majibu.

Geji ya dizeli ilinisumbua. Gereji mbili waliniambia haina haja, uzoefu unatosha. Nikaipata kwa fundi anayetengeneza injini za boti. Huyo hata hakushangaa, aliniuliza tu adapta ya injini gani.

Mapovu yapo, tena yalianza injini ilipowaka tu. Kifuniko cha oili kilitetemeka, moshi kidogo, hakikurushwa. Presha ya oili ikiwa moto fundi wa boti ameridhika nayo. Kompresheni: silinda ya kwanza bar 25, ya pili 19, ya tatu 18, ya nne 24. Mbili za katikati ndizo zimeanguka, kama mzee alivyosema.

Na ile habari ya oili. Nilipoona kifuniko hakirushwi nikaanza kukaa na galoni mwenyewe, nampa dereva baada ya kuangalia kijiti kwa macho yangu. Injini imeacha kula oili ghafla. Mazungumzo yetu mimi na dereva ni ya nyumbani, hayahusu jukwaa.

Kwa hiyo nashusha hedi tu, na itashuka mbalamwezi ikianza. Nimekodi kibanda chenye sakafu na mlango, kijana wa Buhongwa nimekusikia. Mzee shikamoo, niambie hedi ikiwa chini nisimamie nini, maana nitakuwepo na kiti changu.

Fundi wa Nyakato

Marahaba mama. Hedi isafishwe, ipelekwe mashine ikapimwe nyufa kwa presha kwanza, ndipo isawazishwe. Wengine wanaanza kusawazisha, unalipa halafu unaambiwa ina ufa. Ikikutwa na ufa katikati ya valvu usikubali ichomelewe, tafuta hedi nyingine.

Bloku nayo iwekewe rula ya chuma na fila geji kwa sababu iliunguzwa pamoja na hedi. Pitisha ukucha sehemu ya juu ya kila slivu. Ukikwama kwenye ngazi, apime kwa geji akuandikie namba, na hapo ndipo mtazungumza ringi. Ukiteleza, mwambie aache, asikutafutie kazi.

Nozeli zote nne ziende kwenye benchi la kupimia, huo moshi wa kuchoma macho haukutoka kwenye gasketi peke yake. Themostati mpya, kifuniko kipya, rejeta izibuliwe, na ndani yake mimina kulanti badala ya maji ya ziwani. Bolti za hedi zikazwe kwa spana ya toki, kwa mpangilio kutoka katikati kwenda pembeni, si kwa bomba na nguvu za kijana. Valvu zirekebishwe kabla ya kuwasha.

Yule wa milioni 3.2 mpelekee namba zako aandike upya.

Mama Dagaa

Wabeja sana mzee. Nilishampelekea. Kaniandikia 1,150,000 na hedi bado hajaiona. Kazi nampa fundi wa boti.

Utingo Mstaafu

Themostati. Niliuliza mapema mimi.